Kwa Rehema: jibu la swali lako la SETI@home

Kwako rafiki yangu Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nilicheka peke yangu nilipofika pale unapouliza kama "wale jamaa wa nyotani" wameshapiga simu. Hawajapiga. Ila swali lako la pili, kwamba je, hatukuchoma umeme bure miaka yote ile ya SETI@home, ule mradi ulioazima kompyuta za watu wa kawaida kutafuta ishara za redio za viumbe wa nyotani, linadai jibu refu kidogo. Vumilia.

Chanzo chake ni ukata. Mwaka 1993 Bunge la Marekani liliinyima NASA, shirika lao la anga, fedha za kutafuta viumbe wenye akili nje ya dunia. Wataalamu hawakuacha kusikiliza, lakini kuchambua walichokuwa wanakinasa kulihitaji kompyuta zenye nguvu wasizoweza kuzimudu. Ndipo David Gedye alipotoa wazo lake: duniani kuna kompyuta chungu nzima zinazokaa bure wenyewe wakiwa wamelala, kwa nini tusiziazime? Yeye na akina David Anderson na Dan Werthimer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakaliendeleza, na programu ikatoka Mei 17, 1999. Hadi mwisho wake waliojiunga walizidi milioni 5. Mmoja wao unamjua, maana ulichoka kumwambia azime ile mashine yake.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba mradi haukuwa na darubini yake. Ulidandia. Kule Arecibo, Puerto Rico, kulikuwa na sinia la redio lenye kipenyo cha mita 305, na wanaastronomia wengine ndio waliochagua sehemu gani ya anga itazamwe. Kifaa cha Berkeley kiliwekwa pembeni, kikanasa chochote kilichopita. Kilisikiliza upana wa megahezi 2.5 tu, kwenye ujirani wa megahezi 1420, masafa ya redio ambayo gesi ya haidrojeni hutoa mawimbi yake. Wanafizikia Cocconi na Morrison walishapendekeza masafa hayo tangu 1959: haidrojeni imejaa ulimwengu mzima, kwa hiyo yeyote anayejua redio anayajua masafa yake. Data zilirekodiwa kwenye kanda, na kanda zikasafirishwa hadi Berkeley kwa posta! Intaneti ya pale haikuweza kubeba mzigo ule.

Huko zilikatwakatwa. Kipande kimoja kilikuwa sekunde 107 za sauti ya anga, upana wa kama kilohezi 10, chenye uzito wa kilobaiti 350 hivi. Hicho ndicho kilichokuja kwangu. Uzuri wake ni kwamba kipande hakimhitaji jirani yake. Kompyuta yangu ilikuwa inakikokotoa bila kujua ya mwingine imeona nini, na ndiyo maana kazi hii iligawika kirahisi namna ile. Zipo hesabu nyingi ambazo hata ukizigawia watu milioni hazisogei, kwa sababu kila hatua inangoja iliyotangulia imalize.

Na hesabu yenyewe ilikuwa ngumu, usidhani ni kuchungulia tu. Dunia inazunguka, na sayari ya huyo anayetuma nayo labda inazunguka, hivyo sauti nyembamba inayotoka huko haitulii kwenye masafa mamoja, inateleza. Inateleza kwa kasi gani, hakuna ajuaye. Basi kompyuta ilijaribu maelfu ya kasi, moja baada ya nyingine, na kila mara ikatafuta mlio uliozidi wenzake, au mapigo yanayojirudia, au sauti inayopanda na kushuka kwa muda wa kama sekunde 12. Hizo ndizo nyota huchukua kukatiza mbele ya darubini iliyotulia. Zile grafu za rangi ulizopenda kwenye skrini zilikuwa kazi hiyo ikiendelea.

Kuhusu wale waliochakachua programu ili wajizolee alama, ndiyo, walikuwepo. Kulikuwa na orodha ya washindani, na penye orodha hapakosi mjanja. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa kompyuta nazo hukosea, kipande kimoja kilitumwa kwa zaidi ya mtu mmoja na majibu yakalinganishwa.

Sasa nifike kwenye swali lako. Kukokotoa, Rehema, ndiko kulikuwa kwepesi. Kugumu ni kelele zetu wenyewe: setilaiti, televisheni, rada za viwanja vya ndege na za kijeshi. Kompyuta zetu zilirudisha ishara kwa mabilioni, na karibu zote zilikuwa kelele za kawaida au zilitoka kwa binadamu. Kuzichuja kuna mantiki yake. Sauti inayosikika popote darubini inapoelekea haitoki nyotani. Inayorudi sehemu ileile ya anga, kwa miezi au miaka tofauti, hiyo inastahili kuangaliwa. Machi 31, 2020 waliacha kututumia kazi, tukadhani mambo yameisha, kumbe wao ndio kwanza wanaanza kuchuja. Desemba mwaka huohuo darubini ya Arecibo ikaporomoka.

Kitu nilichokipenda zaidi ni hiki: walipandikiza ishara bandia ndani ya data, kisha wakatazama kama chujio lao litazikamata au litazitupa pamoja na takataka. Kwa njia hiyo wanaweza kusema ishara yenye nguvu kiasi gani ingeonekana kama ingekuwepo. Zilizobaki zinazofaa kuangaliwa tena ni kama 100, na darubini ya FAST ya China, yenye kipenyo cha mita 500, imezielekea. Sitegemei kioja. Lakini kusema "hatukupata kitu" huku unajua ulitafuta hadi kina gani ni kazi iliyokamilika, na umeme wangu siudai.

Wewe kama bado unataka kuchangia, programu ya BOINC, inayoazimisha kompyuta yako kwa miradi ya sayansi na iliyotokana na mradi huu, bado ipo. Ningekushauri uanze na Einstein@Home: mwaka 2010 kompyuta za wanaojitolea ziligundua pulsa, yaani nyota iliyokufa inayozunguka kasi na kutoa mapigo ya redio, ndani ya data za Arecibo ileile, na waliogundua ni watu wa kawaida kama sisi. Nenda kwenye mipangilio uiambie itumie nusu tu ya prosesa, na ifanye kazi ukiwa umechomeka chaja. Laptopu yako ile feni yake ilikuwa inalia hata kabla ya kazi yoyote, kwa hiyo isafishe vumbi kwanza. Ukikwama kwenye kuisakinisha niandikie.

Wasalimie wote hapo.

Rafiki yako,
Salim