Mpira haumsomeshi dogo, dogo ndo anakisomesha chuo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana ile makala yenu ya michezo ya wiki iliyopita imenikwaza kiukweli, ile iliyosema kijana akijua kucheza futiboli ya Kimarekani basi chuo cha Marekani kitamsomesha bure. Siku mbili hazijapita shemeji yangu kanipigia, ana mtoto wa kilo mia na kitu, anataka nimwambie ampeleke chuo gani. Nikamuuliza kasikia wapi, akasema kwenye gazeti.

Sasa mimi ni dereva wa mabasi ya kukodi hapa Ohio. Kila msimu, kuanzia Septemba mpaka katikati ya Novemba, Jumamosi zangu nyingi ni za kubeba timu ya chuo kimoja kidogo, jina nisilitaje, wanafunzi wake hawafiki elfu mbili, kwahiyo haya ninayoyaandika mengi nimeyaona kwenye kioo cha kuangalia nyuma.

Vyuo vya namna hii vipo Divisheni ya Tatu ya NCAA, yaani chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na huko sheria haina kona, hakuna skolashipu ya michezo hata senti moja. Dogo akipunguziwa ada ni kwa sababu ya alama zake au kipato cha wazazi, sawasawa na mwenzake anayepiga piano au asiyefanya lolote zaidi ya kulala. Na timu hizo sio tano wala kumi, zinapita 200 nchi nzima! Tena kuna jambo ambalo mwandishi wenu angelijua asingeandika vile: vyuo vingi vidogo vinaupenda mpira kwa sababu unajaza madarasa. Kochi akizunguka shule za sekondari akarudi na madogo mia, na kila mmoja nyumbani kwao wanalipa chochote, hapo uhasibu wanapumua. Yaani mpira haumsomeshi dogo, dogo ndo anakisomesha chuo.

Msimu wetu uliopita tulicheza mechi kumi tukashinda mbili. Nasema "tulicheza" na mimi kazi yangu ni usukani tu, nisameheni.

Ya kwanza tulishinda ugenini, kurudi waliimba mpaka sikusikia simu ya bosi wangu. Baada ya hapo tukapigwa sita mfululizo, na kipigo cha mpira huu ni kirefu jamani, robo nne za dakika 15 lakini saa inasimama simama, inafika masaa matatu mtu unatazama wenzio wanavyopewa nafasi nne za kusogea yadi kumi na wao wanazisogea kwa mbili. Mechi ya nne kwotabeki wetu, yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi, akaumia bega, akaingia wa mwaka wa kwanza, mikono inatetemeka naiona mimi niliye kwenye uzio. Nyuma ya basi siku hiyo kulikuwa na harufu ya dawa ya kuchua na ukimya, halafu ghafla naona mwanga wa laptopu, moja, tatu, saba. Wana mtihani wa kemia Jumatatu. Nikapunguza redio.

Sio kwamba udogo maana yake ubovu, msinielewe vibaya. Hapa hapa Ohio kuna Mount Union, pale Alliance, wana makombe 13 ya taifa na kochi wao wa zamani Larry Kehres alimaliza na ushindi 332, kufungwa 24 na sare 3, na huyo naye hakuwa na skolashipu ya kumpa mtu. Na fainali ya Divisheni ya Tatu, Stagg Bowl, ile ya 2023 ndo ilinitoa jasho, chuo cha Cortland wanaongoza 38 kwa 31, North Central ambao ndo mabingwa watetezi wanapata tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho kwa pointi sita, mwishoni kabisa, inakuwa 38 kwa 37, wangepiga teke la pointi moja wakasawazisha wakaenda muda wa ziada, wakakataa, wakaenda kutafuta pointi mbili za kuuingiza mpira tena. Wakakosa! Cortland bingwa kwa mara ya kwanza. Mpaka leo nabishana na fundi wetu wa matairi, yeye anasema ujinga, mimi nasema ningefanya hivyo hivyo.

Halafu kuna upande mwingine. 2019 Grinnell, chuo cha Iowa, msimu ulikatishwa katikati kwa sababu wachezaji walibaki wachache na majeruhi wakawa wengi mno, madogo wenyewe wakaona kuendelea ni kuumizana. Hilo nalo mngeliandika, maana mzazi akisikia "timu ya chuo" anaona picha ya uwanja wa watu laki moja kwenye TV. Kwetu sisi uwanjani ni wazazi, mbwa wawili watatu na ndugu wa wachezaji wa timu pinzani.

Mechi ya mwisho ilikuwa ugenini, tukafungwa. Kuna dogo mmoja wa mwaka wa nne, jitu la mstari wa mbele, anakaa siti nyuma yangu siku zote. Wenzake walishaoga na kubadilisha, yeye bado ana plasta zimezungushwa kwenye viganja, chafu, zina majani. Kilomita kama mia na hamsini hakuzitoa. Soka unaweza kucheza Jumapili na kitambi chako mpaka uzeeni, huu mpira hauna hiyo, nani atakukusanyia watu 22 wenye helmeti? Wengi wao siku ile ndo ilikuwa mwisho wa maisha yao ya mpira, na timu za kulipwa hakuna aliyewahi kuwapigia simu. Tulipofika kaniambia asante dereva, kashuka, plasta bado zipo.

Kwahiyo Mhariri, naomba mrekebishe ile makala, hata mistari mitatu inatosha. Shemeji nimemwambia asubiri barua ya chuo inayoonyesha ada ni ngapi na msaada ni ngapi, atoe moja kwenye nyingine, ndo aniambie kama bado mtoto anacheza. Kaninunia kidogo. Mtoto mwenyewe kanitumia meseji usiku, ananiuliza jezi wanapewa au wananunua.

Wanapewa.

Dereva wa basi,
Ohio, Marekani