Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: miaka mitatu ya ukomo na faili lisilotoka hospitalini

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MUDA WA KUFUNGUA MASHAURI KWA WALIOUMIZWA NA MAKOSA YA UPASUAJI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wasaidizi wa kisheria pamoja na wauguzi tuliofanya kazi chumba cha upasuaji, Tanzania Bara. Tunawahudumia watu waliotoka kwenye upasuaji na madhara ambayo hayakupaswa kutokea, nao wanataka kujua kama sheria ina la kuwasaidia. Wengi wangekuwa na shauri zuri. Kinachowaangusha ni kwamba wanamfikia wakili siku zikiwa zimekwisha au zimebaki chache mno, na siku hizo zimeliwa kwa kungoja faili ambalo hospitali hailitoi. Tunakuandikia wewe, badala ya kumwandikia Waziri wa Afya peke yake, kwa sababu sehemu ya dawa imo katika mamlaka yako na wanaoihitaji hawaijui.

Tuseme kwanza jambo ambalo majeruhi wengi hawapendi kulisikia: si kila upasuaji ulioharibika ni uzembe. Kidonda kinaweza kupata maambukizi, na kibofu kinaweza kutobolewa kwenye tumbo lenye makovu ya upasuaji wa awali, ilhali daktari amefanya kila alichopaswa kufanya. Mahakama itauliza kama mtoa huduma alikuwa na wajibu kwa mgonjwa, kama alishuka chini ya kiwango cha mtaalamu wa kawaida wa fani yake, kama kushuka huko ndiko kulikoleta madhara, na madhara yenyewe ni yapi. Mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai. Ndiyo maana hapa tunazungumzia makosa yenye kinga inayojulikana: kumpasua mtu asiye mwenyewe, kupasua upande usio wenyewe, na kusahau kitu ndani ya mwili.

Nchi yetu ina kumbukumbu za kosa na za kinga yake pia. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishwa: aliyehitaji upasuaji wa goti akafunguliwa kichwa, na aliyekuwa na uvimbe kichwani akapasuliwa mguu. Katika kipindi hichohicho, kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizoijaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Orodha hiyo ina vipengele 19 vinavyosomwa kwa sauti katika hatua tatu: kabla ya mgonjwa kupewa usingizi, kabla ngozi haijakatwa, na kabla hajatolewa chumbani. Matokeo yalichapishwa 2009. Kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Ni karatasi moja tu, na imejaribiwa hapa nyumbani. Hakuna hospitali inayoweza kusema leo kwamba haikujua.

Mheshimiwa, tukuoneshe kosa moja kwa karibu: gozi au taulo ya tumbo, yaani kitambaa cha kufyonzea damu, iliyosahauliwa baada ya upasuaji wa kujifungua. Gozi za chumba cha upasuaji zinatakiwa zije zimefungwa tano tano au kumi kumi, kila moja ikiwa na uzi unaoonekana kwenye eksirei. Muuguzi anayempa daktari vifaa na mwenzake anayezunguka wanazihesabu pamoja, kwa sauti, kabla kisu hakijaanza, na idadi inaandikwa ubaoni. Kila inayoongezwa katikati inaandikwa papo hapo. Wanahesabu tena kabla ya mfuko wa uzazi kufungwa, tena kabla ya tumbo kufungwa, na mara ya mwisho ngozi inaposhonwa. Idadi isipotimia, tumbo halifungwi. Inatafutwa kwenye ndoo, chini ya meza, kwenye mikunjo ya shuka. Daktari anapekua tena tumbo kwa mkono. Na mashine ikiwepo, eksirei inapigwa mgonjwa akiwa bado mezani.

Hesabu huharibika kwa njia ambazo kila aliyefanya kazi hiyo anazifahamu. Fungu limetoka chumba cha kutakasia vifaa likiwa na gozi nne au sita, na hakuna aliyelihakiki. Gozi zimekatwa kutoka kwenye roli na hazina uzi, kwa hiyo hata eksirei haitazionyesha. Moja imekatwa vipande viwili. Muuguzi wa usiku ni mmoja, anatoa vifaa na kuzunguka yeye mwenyewe, au zamu imebadilika katikati bila kukabidhiana hesabu. Mama anavuja damu, taulo inawekwa juu ya taulo, na hakuna anayetaja namba. Halafu kuna lile linalotuuma zaidi: maneno "gozi na vifaa vimetimia" yanaandikwa kwenye maelezo ya upasuaji kwa mazoea, wakati kwenye fomu ya hesabu visanduku vya namba viko vitupu. Kwa wakili, visanduku vile vitupu vina uzito kuliko mashahidi watatu. Na hiyo ndiyo karatasi ambayo mgonjwa haioneshwi.

Gozi tumboni inaweza kuleta homa na usaha ndani ya siku chache. Inaweza pia kukaa miezi au miaka, ikizungukwa na nyama ngumu, huku mama akitibiwa vidonda vya tumbo, kisha UTI, kisha uvimbe kwenye kizazi. Inapotolewa, mara nyingi inatolewa hospitali nyingine, na siku hiyohiyo inakwenda kuchomwa pamoja na taka hatarishi. Kielelezo kikuu cha shauri kinateketea kabla mgonjwa hajazinduka.

Sasa tuyaweke hayo kwenye kalenda. Kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inayoweka mwisho wa muda wa kufungua shauri, madai ya uzembe yana miaka mitatu. Hospitali ikiwa ya umma, Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka kwanza notisi ya siku zisizopungua 90 yenye kueleza msingi wa madai, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Baada ya hapo shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kama mdaiwa. Tangu marekebisho ya 2020 masharti hayo yanazigusa pia halmashauri, maana yake hata kituo cha afya cha kata. Mwanasheria Mkuu asipounganishwa, shauri linaanguka hata kama ushahidi ni mzito kiasi gani.

Chukua mfano wa mama aliyepasuliwa tarehe 10 Machi 2023. Gozi inatolewa Juni 2024, miezi 15 ikiwa imekwenda. Anaomba nakala ya faili. Anaambiwa mhusika yuko safarini, kisha alete barua ya polisi, kisha alete amri ya mahakama, na amri hiyo hawezi kuipata kirahisi kwa kuwa shauri bado halijafunguliwa. Wakati huo amepeleka lalamiko Baraza la Madaktari Tanganyika, naye anaamini kwamba kwa kulalamika huko ameshaanza kudai. Baraza linaweza kumwadhibu daktari, kama ambavyo Baraza la Uuguzi na Ukunga linaweza kumwadhibu muuguzi. Fidia halitoi, na kulalamika kwake hakusimamishi muda wa ukomo. Ukihesabu kuanzia siku ya upasuaji, muda wake unaisha 10 Machi 2026, kwa hiyo notisi ya siku 90 ilipaswa kuwa imepokelewa kabla ya tarehe 10 Desemba 2025. Akimpata wakili mwezi wa Januari, amechelewa. Wakili anaweza kujenga hoja kwamba muda uhesabiwe tangu madhara yalipogundulika, na sheria inamlinda aliyefichwa ukweli kwa ulaghai. Lakini hizo ni hoja za kubishaniwa mahakamani, na mgonjwa maskini hapaswi kutegemea bahati ya hoja.

Kwa kuwa barua hii ni ya wazi na wenye shida nao wataisoma, tuwaambie wao pia. Omba nakala kwa maandishi, barua mbili zinazofanana, moja igongwe muhuri wa "imepokelewa" na tarehe, ubaki nayo. Taja karatasi kwa majina: fomu ya ridhaa, orodha ya usalama wa upasuaji, maelezo ya upasuaji, karatasi ya mtaalamu wa usingizi, fomu ya hesabu ya gozi na vifaa, chati za wodini, fomu ya ruhusa. Ukiambiwa faili limepotea, omba ukurasa wa siku hiyo kwenye rejesta ya chumba cha upasuaji, kwa sababu rejesta haihami na faili. Humo hukutwa tarehe, aina ya upasuaji na majina ya waliokuwepo. Kama unapasuliwa mara ya pili, mwambie daktari kabla ya usingizi, mbele ya ndugu yako, kwamba chochote kitakachokutwa kiandikwe, kipigwe picha, kipelekwe maabara ya patholojia na kihifadhiwe. Tunza risiti zote, hata za bodaboda na za chakula cha anayekuuguza. Hasara ya fedha taslimu mahakama inataka itajwe moja moja na ithibitishwe, la sivyo haitolewi. Na usisaini hati ya "kumaliza jambo" kwa ahadi ya matibabu ya bure kabla mwanasheria hajaisoma.

Hospitali hutujibu kwamba faili ni mali yao. Karatasi ni zao, hatubishi. Taarifa zilizomo ni za mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa haki ya kuzifikia. Haki hiyo bado haijafika kwenye dirisha la masjala.

Maombi yetu kwako, Mheshimiwa. Sheria ya Ukomo inakupa wewe, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, mamlaka ya kuongeza muda wa kufungua shauri kwa amri yako pale unapoona ni haki, kwa kipindi kisichozidi nusu ya ule uliowekwa. Kwa madai haya ni miezi 18. Tunaomba uchapishe kwa Kiswahili, kwa ukurasa mmoja, jinsi ya kukuomba: barua iende kwa nani, iambatanishwe na nini, na itajibiwa ndani ya siku ngapi. Barua ya kuomba faili yenye muhuri wa hospitali, isiyojibiwa, itambuliwe kuwa sababu ya kutosha ya kuifikiria nyongeza hiyo.

Tunaomba pia ukae na Waziri wa Afya mtoe waraka wa pamoja: nakala ya faili itolewe ndani ya siku 14 tangu kuombwa kwa maandishi, kwa gharama ya fotokopi tu, na kitu chochote cha kigeni kinachotolewa mwilini kihifadhiwe kikiwa na lebo badala ya kuchomwa. Gharama yake kwa hospitali ni ndogo. Hospitali iliyohesabu vizuri itakuwa ya kwanza kunufaika, kwa sababu fomu iliyojazwa ndiyo utetezi wake.

La mwisho linahusu msaada wa kisheria wenyewe. Kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 sisi wasaidizi wa kisheria tunaelimisha, tunashauri na tunaelekeza. Kumsimamia mtu mahakamani haturuhusiwi, na hatulalamikii hilo. Tatizo ni kwamba mawakili wa kujitolea wanakwama kwenye maoni ya mtaalamu. Faili limeandikwa kwa Kiingereza chenye vifupisho vya kitabibu, na madaktari walio tayari kulisoma na kutoa ushahidi dhidi ya mwenzao ni wachache. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia inafika vijijini ikiwa na wajuzi wa ardhi, mirathi na ndoa. Tunaomba kila timu iwe na angalau mtu mmoja awezaye kusoma maelezo ya upasuaji, na wizara yako iandae orodha ya madaktari na wauguzi wastaafu watakaolipwa na serikali kutoa maoni kwa pande zote mbili. Maoni hayo yakitolewa mapema yatayamaliza madai yasiyo na msingi kabla ya kufika mahakamani, na yatawatia nguvu wenye haki.

Tunaomba jibu la maandishi. Rasimu ya fomu ya maombi ya nyongeza ya muda na ya waraka wa faili tumekwisha kuziandaa, na tuko tayari kuzileta Dodoma siku utakayotupangia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wasaidizi wa kisheria na wauguzi wa chumba cha upasuaji

Nakala:
Waziri wa Afya
Mwanasheria Mkuu wa Serikali
Msajili, Baraza la Madaktari Tanganyika