Kwa mpwa wangu anayetaka kutundika daluga ili aandike

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mama yako amenidokeza kwamba umeamua kutundika daluga. Eti sasa umekuwa mwandishi, na mwandishi makini hana muda wa kukimbizana na mpira jioni. Nimeona nikujibu hapa hadharani kwa sababu hauko peke yako. Nimeshakutana na vijana kadhaa wa kalamu wanaoionea haya kandanda, kana kwamba mtu akijulikana anashangilia goli, mashairi yake yatashuka thamani.

Nianze na wakubwa, maana najua unawasikiliza kuliko unavyonisikiliza mimi. Albert Camus, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1957, alikuwa kipa wa timu ya vijana ya Racing Universitaire d'Alger kule Algeria. Fasihi haikumtoa langoni. Alitolewa na kifua kikuu, akiwa na miaka 17. Baadaye sana, jina likiwa limeshavuma, aliandika kwamba mambo aliyoyajua kwa hakika zaidi kuhusu maadili na wajibu wa binadamu alifunzwa na mpira. Vladimir Nabokov, mwandishi wa riwaya ya Lolita, naye alidaka alipokuwa mwanafunzi Cambridge. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes, wakati huo daktari kijana mjini Portsmouth miaka ya 1880, alisimama golini kwa jina la bandia la A. C. Smith. Umeona? Makipa watupu. Nadhani kipa ndiye mchezaji pekee anayepata nafasi ya kuwaza wakati mpira uko upande wa pili. Lakini wewe ni kiungo na mimi nilikuwa beki wa pembeni, kwa hiyo tuwaache makipa na upweke wao.

Ninachotaka kukuambia hasa ni hiki. Ukikaa mezani kuandika, wewe ndiye kocha, wewe ndiye refa, wewe ndiye mshika kibendera na wewe ndiye mfungaji. Mhusika akikusumbua, unamfuta. Mvua ikikukera, unaandika jua. Hakuna anayekupinga kuanzia asubuhi hadi usiku, na ukikaa katika hali hiyo muda mrefu unaanza kuamini kwamba watu wote duniani wanawaza kama wewe. Nimesoma miswada mingi ya vijana, na ugonjwa mkubwa kupita yote ni huo: bibi, mwizi, mwalimu na mtoto wa miaka sita wote wanaongea kwa sauti ya mwandishi.

Uwanjani huwezi kuishi hivyo. Unapiga pasi ya kushoto, na winga wako ameshaingia ndani. Unamfokea, halafu unagundua alikuwa amemwona beki akijivuta, akaona upenyo ambao wewe hukuuona. Kichwa chake kilikuwa kwenye mchezo mwingine kabisa, na mchezo huo ulikuwa sahihi. Wenzako ni kumi, wapinzani ni kumi na mmoja, na kila mmoja ana mpango wake, woga wake na hasira alizotoka nazo nyumbani. Mpira wenyewe nao haumsikilizi mtu, unadunda unavyotaka. Sifahamu sehemu nyingine ambapo mwandishi analazimishwa kwa saa moja na nusu kukubali kwamba hadithi si yake.

Halafu fikiria muda. Mechi ni dakika 90, lakini mchezaji mmoja hukaa na mpira mguuni dakika mbili tatu tu. Zilizobaki zote anafanya nini? Anasoma. Tafuta video za kiungo Xavi enzi zake Barcelona, na safari hii usiutazame mpira, mtazame yeye. Pasi haijamfikia bado, tayari ameshageuza shingo kulia na kushoto, ameshajua nani yuko nyuma yake na nani amelala. Mpira unapotua mguuni, uamuzi ulishafanyika zamani. Kuandika ni hivyo hivyo. Watu wanadhani kazi ni ile saa ya kalamu na karatasi, kumbe sentensi nzuri hutoka kwa mtu aliyekuwa akigeuza shingo mchana kutwa.

Na wewe kama kiungo unaona mengi kuliko unavyodhani. Nani anachechemea lakini hataki kutolewa. Nani anamlalamikia refa si kwa sababu ya faulo bali kwa sababu amepigwa tobo mbele ya watu. Yule mpole asiyetoa neno mtaani, akivaa jezi anawapanga mabeki wenzake kama jenerali. Yule mcheshi wa kila siku, penalti ikipatikana, anainama kufunga kamba ambazo hazijafunguka. Tabia ambayo mtu ataificha mezani kwa miaka inajianika yenyewe kipindi cha pili, akiwa amechoka na timu iko nyuma kwa goli moja. Wahusika hao unapewa bure, na wewe unataka kwenda kujifungia chumbani kuwatunga!

Sikiliza pia lugha yake. "Mtu nyuma!" "Peke yako!" "Geuka!" "Toa!" Neno moja, mawili, na lazima lifike kabla ya hatari. Ukichelewa nusu sekunde, neno hilo halina kazi tena. Nikihariri sura ndefu ya mazungumzo huwa najiuliza ni maneno mangapi kati ya hayo yangefaa kupigiwa kelele mpira ukiwa hai. Huwa ni machache ya kutia aibu.

Hayo ni ya kucheza. Kupenda mpira kwa jukwaani nako kuna shule yake. Nikukumbushe kisa cha Mwepu Ilunga, beki wa Zaire, Kongo ya Kinshasa ya leo. Ni Kombe la Dunia la mwaka 1974, Ujerumani Magharibi. Zaire imeshafungwa 2-0 na Scotland, na 9-0 na Yugoslavia. Mechi ya mwisho ni dhidi ya Brazil mjini Gelsenkirchen. Brazil wanapata faulo, wanajipanga kupiga, kipenga kinalia, na kabla Mbrazili yeyote hajaugusa mpira, Ilunga anachomoka kwenye ukuta na kuubutua mbali. Refa anampa kadi ya njano. Dunia ikacheka, na ikaendelea kucheka kwa miaka: eti Waafrika hawakujua sheria. Miaka mingi baadaye Ilunga alieleza kwamba alifanya makusudi. Sheria alizijua. Hakuona sababu ya kuendelea kujiumiza ilhali watakaofaidi fedha wamekaa jukwaani wakitazama.

Mimi kipande hicho cha video nimekitazama mara nyingi sana, na bado kinanifundisha. Tukio ni lile lile, sekunde ni zile zile, lakini ukijua kilichokuwa kifuani mwa mtu yule unatazama filamu nyingine. Waliocheka waliona mguu na mpira wakaridhika. Mwandishi hapaswi kuridhika haraka namna hiyo. Anatakiwa aulize walilala wapi usiku ule, nani aliwaahidi nini, simu kutoka nyumbani zilisemaje.

Kuna na visa ambavyo ukiniletea kama hadithi ya kubuni nitakurudishia. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon. Watu wote 30 waliokuwemo walikufa. Kalusha Bwalya, nyota wa timu hiyo, hakuwemo. Alikuwa akicheza Uholanzi na alipangiwa kusafiri kivyake. Februari 2012 Zambia ikatwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, kwa kuifunga Ivory Coast penalti 8-7 baada ya sare ya bila kufungana, na fainali ilichezwa wapi? Libreville. Rais wa chama cha soka cha Zambia siku hiyo alikuwa Kalusha. Ningekuandikia pembeni kwa wino mwekundu: imepangwa mno, msomaji hatakuamini. Mpira hauna aibu ya kupanga mambo namna hiyo, na nadhani ndiyo maana tunaurudia.

Sasa, nisikudanganye kwamba mpira hauli muda. Unakula. Ila chunguza vizuri kinachokula. Mazoezi ya jioni ni saa moja na nusu, na unarudi mwili umefunguka, na ile sentensi iliyokugomea tangu asubuhi mara nyingi inakubali ukiwa bado unavua soksi. Kinachokausha siku ni porojo za mpira: tetesi za usajili, mabishano ya simuni hadi usiku wa manane juu ya nani bora kati ya watu wawili ambao hawatakusoma kamwe. Kama ni kukata, kata hapo. Mimi mwenyewe magoti yamenigomea, sasa nacheza na wazee wenzangu na tunatembea kuliko kukimbia, lakini siku yetu ya mechi siuzi kwa mswada wowote.

Wala usinielewe kwamba nakutaka uandike habari za mpira. Hapana. Ni vigumu kuliko inavyoonekana, na ukinitumia hadithi nyingine ya yatima anayefunga goli dakika ya 90 nitaacha kupokea simu zako.

Ile uliyonitumia mwezi uliopita, ya mama mkwe na mkaza mwana, ina kitu. Tatizo ni kwamba katika ugomvi wao wa jikoni wote wawili ni wewe. Mmoja anaanza hoja, mwenzake anaimalizia vizuri. Mpe yule mama mkwe mpango wake wa siri ambao hata wewe hukuupanga, amkate mwenzake katikati ya sentensi, aondoke na mazungumzo aende nayo upande usioutarajia. Ukimaliza nitumie tena, nitaisoma siku hiyo hiyo.

Kuhusu ile jezi namba 8, nimempigia kocha wenu. Anasema ataishikilia hadi Ijumaa, ila kuna kijana mwingine tayari ameiulizia.

Ni mimi, mjomba wako.