Barua kwa mwanangu: Jumamosi moja katikati ya Dar, bila kiingilio

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umesema wajukuu wanataka kutoka na mwezi huu mfuko haujakaa vizuri. Usiwanyime. Pale mjini kuna historia ya zaidi ya miaka mia na hamsini imesimama kando ya barabara, na kuitazama hakulipiwi. Kinachotakiwa ni mpango, maana matembezi ya bure yasiyopangwa huishia kwenye soda, chipsi na bajaji ya kurudi nyumbani, ukaja kuona heri ungelipa kiingilio mahali.

Nendeni Jumamosi. Jumapili makanisa yana ibada asubuhi nzima, na siku za kazi magari ya Barabara ya Sokoine hayampi mtoto nafasi ya kuvuka. Jumamosi yenyewe mchana huwa na harusi, kwa hiyo makanisani mpite kabla ya saa nne. Pandeni mwendokasi, mshuke kituo cha City Council saa moja na nusu. Kuanzia saa tano jua la mjini linawachosha watoto, na mtoto aliyechoka haoni chochote. Machi mpaka Mei ahirisheni, ni masika.

Anzeni na Boma la Kale, hapo hapo jirani. Lilijengwa miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, aliyetaka kuanzisha mji mpya karibu na kijiji cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870 na kazi ikalala, mpaka Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Ndani kuna maonyesho yenye kiingilio. Siku hiyo yaacheni, nje panatosha.

Hapo msiwe na haraka. Wasogeze watoto ukutani, wautazame kwa karibu. Kuta za aina hii ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya rundo la magogo. Dari lilibebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo ni nadra kuzidi mita tatu, ndiyo maana nyumba za zamani za pwani zina vyumba virefu na vyembamba: upana wa chumba uliamuliwa na mti. Waeleze pia kwa nini kuta nyingi za zamani mjini zinabanduka. Chokaa hupumua, unyevu ukiingia unatoka. Mtu akija akapiga plasta ya saruji juu yake, maji na chumvi vinafungiwa ndani, na baada ya misimu michache plasta inavimba na kudondoka pamoja na jiwe. Naumia kila nikiona fundi anaukarabati ukuta wa matumbawe kwa mfuko wa saruji, na ningependa watoto walijue hilo wakiwa wadogo.

Wape swali moja la kutembea nalo siku nzima: nani aliamuru hili lijengwe, na nani alibeba mawe? Kila mmoja awe na daftari na kalamu ya risasi, achore kitu kimoja tu kila mnaposimama. Mlango wa kuchongwa, dirisha, chochote. Mkono ukichora, jicho linatulia.

Mkifuata Sokoine mtafika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani kati ya 1897 na 1902. Ni mbele ya gati la boti za Zanzibar, na wapiga debe wa tiketi watawazonga. Sema "asante, hatusafiri" na uendelee kutembea, ukisimama kueleza umekwisha. Kanisani ingieni kimya, kofia mkononi, mkae benchi la nyuma watoto waangalie vioo vya rangi. Kukiwa na ibada, msiingie. Hapo karibu kuna Nyumba ya Atiman, nayo ya enzi za Majid. Ina jina la Dakta Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni Afrika Magharibi akauzwa utumwani, akakombolewa, akasomea udaktari, kisha akatibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki mwaka 1956. Wasimulie hiyo hata kama nyumba mtaiona kwa nje tu. Mbele zaidi ni Azania Front ya Walutheri. Waulize wanaona nini juu ya madirisha: vijipaa vya vigae vyekundu, kama Ulaya, chini ya jua la Dar.

Pandeni kwa miguu Mtaa wa Azikiwe mpaka Sanamu ya Askari. Msijaribu kuvuka hadi katikati ya mzunguko, pikipiki hazina breki pale. Simameni kwenye kona, vuta picha kwa kamera ya simu msome maandishi ya chini. Ni shaba, iliwekwa mwaka 1927 na Waingereza kuwakumbuka askari Waafrika na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Singe yake, kile kisu cha ncha ya bunduki, imeelekea bandarini. Kabla yake, mahali hapo palisimama sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, na Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Hapa lile swali la nani alibeba linapata jibu zito, kwa sababu vita ile ilibebwa vichwani mwa wapagazi. Mkubwa ataelewa, mdogo mwache aitazame bunduki ya sanamu.

Mnara wa Saa uko mwisho mwingine wa Barabara ya Samora. Uacheni siku nyingine. Nyinyi fuateni Samora upande wa kivuli mpaka Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kama shamba la majaribio ya mazao. Ifikieni saa nne na nusu hivi, mle. Bebeni mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi na chupa ya maji kwa kila mtu, vyote kwenye kikapu. Tausi wakija msiwalishe, watafuata chakula chote. Makumbusho ya Taifa ni hapo jirani lakini yana kiingilio, na mkija kulipa siku moja bebeni vitambulisho ili mtozwe bei ya Mtanzania. Ukumbi wa Karimjee, Bunge letu la kwanza lilipokaa, mtauona kwa nje mkielekea Kivukoni.

Kinachoharibu siku kama hii ni choo. Watoto waende kabla hamjatoka nyumbani, na uwe na sarafu mfukoni kwa vyoo vya kulipia, maana hakuna atakayekuchenjia noti ya elfu kumi. Kingine ni simu. Mkikaribia Magogoni iwe mfukoni, usipige picha Ikulu, walinzi, wala kivuko. Ukikosea hapo, hata kwa nia njema, utakaa unajieleza na watoto wakilia.

Kurudi, pandieni kituo cha mwisho cha Kivukoni. Gari linaanzia hapo, mtapata viti vyote, ila muwe mmekaa kabla ya saa saba. Mkingoja kituo cha mbele mtasimama mpaka Kimara.

Kofia za watoto za likizo iliyopita ziko kwangu. Pitia Ijumaa jioni uzichukue, na chupa za maji zipo pia.

Mama yako