Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu wa Saint-Véran

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mlio Lyon, Grenoble, Marseille na kwingineko.

Mkutano mkuu uliopita ulitupa agizo ambalo chama hiki hakikuwahi kupewa: tuache kurukaruka kutoka mlima huu kwenda ule, tushike kijiji kimoja mwaka mzima mpaka tukijue. Kura zikapigwa, Saint-Véran, kijiji cha milima ya Alps ya Ufaransa, ikapita. Najua wapo waliorudi nyumbani siku ile wakiona tumeutupa mwaka. Mimi naona huu ndio mwaka tuliojifunza zaidi tangu tuanze kutembea pamoja.

Kwa ambao hamkupata nafasi ya kwenda, nianze na njia. Treni inakushusha Montdauphin-Guillestre. Kutoka hapo unapanda ndani ya korongo la mto Guil, ukuta wa mwamba kulia, ukuta wa mwamba kushoto, barabara imejibana katikati. Ukitokeza unakutana na ngome ya Château-Queyras, imekaa juu ya jabali katikati ya bonde kama kizibo kwenye shingo ya chupa. Mbele kidogo, Ville-Vieille, unakunja kulia, unapita Molines, na barabara inaishia Saint-Véran, kwenye mita 2,040 hivi juu ya usawa wa bahari. Hakuna kijiji chenye halmashauri yake Ufaransa nzima kilicho juu kuliko hicho. Wenyeji husema ndipo mahali ambapo majogoo hudonoa nyota.

Mwenzetu aliyezaliwa Marangu alituambia kimo hicho kwao ni cha karibu na lango la kupandia Kilimanjaro, penye msitu wa kijani mwaka mzima. Ni kweli. Ila Queyras, eneo la milima lenye Saint-Véran, iko mbali mno na ikweta, na kimo kilekile huku kinakuja na theluji ya miezi mingi. Lile korongo nalo si la kuaminika. Mwezi wa Juni mwaka 1957 Guil ulifurika ukabeba barabara, madaraja na nyumba za bonde. Nawaomba mlikumbuke korongo hilo, maana mengi katika historia ya huku yanatokana na watu waliofungiwa nyuma yake ikabidi wajitegemee.

Tulikwenda mara mbili, Juni na Septemba. Safari ya kwanza gari la kukodi lilituharibikia kabla ya Guillestre tukapoteza nusu siku. Nawashukuru waliovumilia, hasa wenye watoto.

Cha kwanza kutushika kilikuwa nyumba. Chini ni mawe, juu ni magogo ya melezi, mti wa jamii ya misonobari ambao hupukutisha majani kila vuli. Zote zimegeukia kusini kulifuata jua. Majira ya baridi watu na mifugo walikaa pamoja kwenye sehemu ya mawe, ng'ombe wakiwapasha joto wenye nyumba, na ghorofa za mbao zikabeba nyasi kavu na nafaka. Mzee wetu wa Bukavu aliweka kiganja kwenye gogo jeusi tititi akauliza nyumba iliungua lini. Haikuungua. Ni jua la miaka mingi linaloikausha melezi mpaka inakuwa na rangi ya mkaa.

Moto, hata hivyo, ndio uliokichora kijiji. Simameni barabarani mtaona nyumba zimesongamana, halafu ghafla pengo tupu, halafu nyumba tena. Kila fungu ni mtaa wenye jina lake, na yale mapengo yaliachwa makusudi ili mtaa mmoja ukishika moto, wa jirani upone. Kila mtaa ulikuwa na tanuri lake la mkate na hodhi lake la maji. Tulikaa muda mrefu kwenye hodhi moja: mbao nene za melezi zimeshikanishwa, kingo zimelainika kwa mikono na midomo ya ng'ombe, maji yanaingia mchana na usiku. Mtoto mmoja wa msafara wetu aliuliza nani analipia maji hayo. Nilifurahi sana kwa swali lile, kwa sababu ndilo lililotupeleka kwenye historia.

Mwaka 1343 mtawala wa Dauphiné, jimbo lililokuwa na milima hii, Humbert wa Pili, alikuwa ameelemewa na madeni. Jamii za milimani zikamwendea na fedha: florini 12,000 za dhahabu papo hapo, na dukati 4,000 kila mwaka. Kwa malipo hayo zilipata hati ya uhuru wao, yaani haki ya kukutana, kuchagua viongozi wao na kugawana kodi wao kwa wao. Jina la mfumo huo, Escartons, linatokana na mgawanyo huo wa kodi. Zilikuwa Escarton tano, yaani kanda tano za jamii hizo, na Queyras ilikuwa mojawapo. Miaka sita baadaye Dauphiné ikaingia mikononi mwa ufalme wa Ufaransa, na hati ikaendelea kuheshimiwa. Mkataba wa Utrecht wa 1713 ulizitoa tatu kwa dola ya Savoie, upande ambao leo ni Italia. Zilizobaki zilidumu mpaka Mapinduzi ya 1789.

Nyaraka za Queyras ziliwekwa kwenye sanduku lenye makufuli kadhaa, kila jamii ikishika ufunguo wake. Hakuna aliyeweza kulifungua mpaka wengine wawepo. Nitalirudia sanduku hili.

Jambo la pili lililonigusa, kwa kuwa nimelelewa na mwalimu, ni walimu wa milimani. Wakati wa baridi, shamba likiwa chini ya theluji, wanaume waliosoma waliteremka mabondeni kutafuta kazi ya kufundisha. Walisimama kwenye magulio na manyoya ya ndege kwenye kofia: moja kwa anayefundisha kusoma na kuandika, mawili kwa aliyeongeza hesabu, matatu kwa mwenye Kilatini pia. Watu waliodhaniwa kuwa washamba wa mwisho wa dunia ndio waliokuwa wakiuza elimu.

Yapo mengine mengi: kanisa la Wakatoliki na hekalu la Waprotestanti ndani ya kijiji kimoja, mgodi wa shaba uliochimbwa tangu Zama za Shaba, saa za jua ukutani, mbili tatu tukizisoma kwa kubishana, na hekaya ya Mtakatifu Veran, askofu wa Cavaillon wa karne ya 6, aliyelijeruhi joka likaruka mpaka huku likafia hapa. Juu ya kijiji, kwenye mita zaidi ya 2,900, kuna kituo cha kuangalia nyota kilichoanzishwa mwaka 1974 kuchunguza jua. Usiku wa Septemba tulitoka nje tukaelewa kwa nini palichaguliwa.

Leo wakazi hawafiki 300. Tulinunua jibini na mkate kwao, tukaacha magari mlangoni mwa kijiji kama wanavyotaka. Naomba safari zijazo tufanye vivyo hivyo.

Hesabu zitasomwa na mweka hazina. Mimi naleta hoja mbili. Ya kwanza, turudi Februari. Tumekiona kijiji kile kikiwa na jua na maua tu, na kila kitu nilichokieleza hapa kilibuniwa kwa ajili ya baridi. Ya pili, kuanzia mwaka huu fedha za chama zisitoke benki bila saini tatu: ya Lyon, ya Grenoble na ya Marseille, kama lile sanduku la Queyras lisilofunguka mpaka wote wawepo. Hadi sasa saini ni yangu peke yangu, na sitaki iendelee hivyo.

Wenye hoja nyingine wamletee katibu wiki mbili kabla ya mkutano. Na aliyebaki na viatu vya theluji vya chama, tafadhali aje navyo.

Mwenyekiti wenu