Kwa nini hatuuzi vigoga vya msituni, na namna ya kuotesha vyako juu ya bonsai

Kila kiangazi kikikaza, wateja wa kitalu chetu walioko Dar es Salaam hututumia picha za bonsai zao, ile miti iliyofupishwa ya vyunguni, zote za aina moja. Mti mzima una afya, majani yanang'aa, lakini zulia la kijani la vigoga, vile vimea vifupi laini, lililofunika udongo wa chungu limegeuka kahawia na kuanza kubanduka pembeni. Swali nalo ni lilelile: "Vigoga vimekufa, nifanyeje?"

Mara nyingi havijafa. Na pale vilipokufa kweli, ukifuatilia utakuta vilichukuliwa mahali pasipofanana hata kidogo na pale vilipopelekwa. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza kwa kirefu leo, kwa sababu watu wanapoteza fedha na msitu unaumia bila faida kwa yeyote.

Kigoga ni mmea kamili, ila hakina mizizi, hakitoi maua wala mbegu. Vile vijinyuzi vya chini kazi yao kubwa ni kujishikiza tu. Maji hunywa kwa majani yenyewe, ambayo kwa aina nyingi ni membamba kiasi cha seli moja. Kwa hiyo hakina akiba: hewa ikikauka, nacho hukauka. Husinyaa, hujikunja, husimamisha kila kitu na kungoja mvua. Chukua kipande kilichokauka ukutani mwezi wa pili, kiweke kwenye kisosi, kidondoshee maji ya mvua, halafu kaa ukitazame kwa karibu. Majani yaliyong'ang'ania kishina huanza kufunguka moja moja, ujani unarudi, na kabla chai yako haijapoa kipande chote kimesimama. Wateja wengi nimewaonyesha jambo hili pale kitaluni, na mimi mwenyewe sijachoka kulitazama.

Basi kabla hujang'oa vigoga vya chungu chako, vifanyie jaribio hilo. Nyunyizia asubuhi na jioni kwa siku chache, mti ukiwa kivulini. Vikirudisha rangi, tatizo lilikuwa ukavu. Visiporudi, soma kwanza habari ya msitu.

Sisi tuko Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Ukipanda kupita Morningside kuelekea kilele cha Bondwa, unafika mahali ambapo miti ni mifupi, imepindapinda, na kila tawi limevikwa vigoga mpaka gome halionekani. Huko juu, zaidi ya mita 2,000, ukungu haukauki kwa siku nyingi za mwaka. Mtaalamu wa vigoga kutoka Hungaria, Tamás Pócs, alifanya utafiti kwenye msitu huo miaka ya 1970, akakadiria kwamba vigoga na mimea mingine inayoishi juu ya miti inaweza kuzuia takriban lita 50,000 za maji ya mvua kwa hekta moja. Maji hayo hayaporomoki mara moja. Yanadondoka polepole, yanaingia ardhini, yanatokea kwenye vijito, na sehemu kubwa huishia mto Ruvu. Ruvu ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam.

Sasa fikiria mtu anayebandua vigoga hivyo kwa viroba na kuviuza kandokando ya barabara. Tawi lililobanduliwa huchukua miaka mingi kuvikwa tena. Kuna suala la sheria pia: Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu kuchukua mazao ya hifadhi bila kibali, na kigoga ni zao la msitu kama lilivyo gogo. Lakini hata ukiweka sheria kando, mzigo wenyewe hauna maana. Kigoga kilichozoea baridi na ukungu wa mita 2,000 ukikishusha hadi Mbezi au Kigamboni, kwenye jua na upepo wa chumvi, hakina pa kuponea. Kitakaa kijani wiki chache kwa nguvu ya kunyunyiziwa, kisha kitakwisha. Ndiyo maana mteja akituomba "vile virefu vya msituni" tunamkatalia, hata kama yuko tayari kulipa.

Vigoga tunavyotumia vinatoka mjini. Viko chini ya bomba linalovuja, kwenye kingo za mtaro wa saruji, ubavuni mwa karo, juu ya tofali lililoegeshwa nyuma ya nyumba. Hivyo vimeshapikwa na joto la saruji, vimekanyagwa, vimekauka na kufufuka mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Tunachokipenda zaidi ni kifupi sana, kimesongamana, na kikikauka hung'aa rangi ya fedha kwa sababu ncha za majani yake hazina ujani. Wataalamu hukiita *Bryum argenteum*. Kimeenea karibu dunia nzima, kwenye njia za waenda kwa miguu za Tokyo na kwenye mitaro ya Morogoro vilevile, na Wajapani, walioikuza sanaa hii ya bonsai baada ya kuipokea kutoka China, hukitumia sana kwenye vyungu vyao. Kwa mti unaokaa juani, kama mkwaju au bogenvilia, sijaona bora kuliko hiki.

Najua wengi wenu mmeona picha za hekalu la Saihō-ji kule Kyoto, bustani yenye aina takriban 120 za vigoga chini ya miti. Ni mahali pa kustaajabisha. Ila vigoga vile havikupandwa na mtunza bustani. Vilijiotea vyenyewe baada ya bustani kukaa muda mrefu bila matunzo, kwa kuwa unyevu na kivuli cha pale viliviridhisha. Ukitaka kitu kizuri nyumbani kwako, anza kwa kuangalia ni kipi kimeshajiotea karibu na wewe. Mtu wa Lushoto atakuwa na vyake, wa Tabata atakuwa na vyake.

Namna ya kuotesha si ngumu, inataka subira tu. Kwangua vigoga vya mjini kwa kisu kisichokata sana, acha vingine vibaki ili viendelee kukua. Vianike kivulini juu ya gazeti hadi vikauke kabisa, kisha vifikiche kwa viganja na kuvipitisha kwenye chekeche. Utapata unga wa kijani uliochanganyika na vumbi. Hilo vumbi la saruji na mchanga tupa kadiri unavyoweza. Chukua makumbi ya nazi yaliyooshwa vizuri ili chumvi itoke, yachekeche pia, changanya kiasi sawa kwa sawa. Lowanisha udongo wa chungu kwanza, ndipo unyunyize mchanganyiko, tabaka la milimita 2 au 3, si zaidi. Bonyeza taratibu kwa mgongo wa kijiko. Funika kwa kitambaa chepesi cha shashi, kwa sababu matone makubwa yatausomba unga wote upande mmoja, na kuku hawawezi kuona udongo uliolainishwa wakauacha. Kila kipande kidogo cha jani kinaweza kutoa mmea mpya, kwa hiyo usihangaike kutafuta spora, vile vichembe ambavyo vigoga huzaliana navyo.

Wakati mzuri ni masika. Ukianza mwezi wa tatu au wa nne, mvua itakusaidia na baada ya miezi miwili hivi udongo utakuwa umevaa. Kiangazi inawezekana, lakini utakuwa mtumwa wa chupa ya kupulizia. Tumia maji ya mvua ukiyapata. Maji ya bomba yaache usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo watu wengi wa Dar wanayo, yaepuke kabisa: yanaacha ukoko mweupe na kuunguza vigoga kuanzia nchani.

Kuna maelekezo yanazunguka mitandaoni ya kusaga vigoga na maziwa mgando kwenye blenda kisha kupaka. Sishauri. Kwa joto letu utaotesha ukungu na kukusanya nzi kabla kigoga hakijaamka. Na usifunike chungu kwa nailoni ukakiacha juani, ndani panachemka.

Ukiwa na haraka, mathalani mti ni zawadi ya harusi Jumamosi, bandika vipande vizima. Kwangua udongo wa chini hadi kipande kiwe chembamba, kibonyeze kisiache nafasi ya hewa, na kingo zigusane. Kingo zilizoinuka ndizo hukauka kwanza, na hizo ndizo mnazotupigia picha.

Hapa nifike kwenye jambo linaloua miti. Vigoga huficha udongo. Juu panaweza kuwa na ujani wa kupendeza kwa sababu umepulizia asubuhi, huku chini mizizi imekauka kabisa. Au kinyume chake: vigoga vimekuwa kahawia kwa upepo, mwenye mti anamwagilia tena na tena, mizizi inaoza. Kunyunyizia vigoga si kumwagilia mti. Ni kazi mbili tofauti. Sisi kwenye kila chungu tunaacha sehemu ndogo ukingoni bila vigoga, upana wa vidole viwili, ili uguse udongo wenyewe. Tunaweka na kijiti cha mshikaki: kichomeke hadi katikati ya udongo, subiri dakika 10, kichomoe. Kikitoka na unyevu, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini. Na vigoga vilivyokauka sana hukataa maji, yanateleza juu na kumwagika nje ya chungu. Mwaga kidogo, subiri vilainike, ndipo umwage yote.

Usiache vigoga vitambae shinani. Kigoga hakimnyonyi mti, kama wengi wanavyodhani, ila kinashika unyevu kwenye gome na baada ya muda gome la chini huanza kulainika. Mswaki wa zamani ulioloweshwa unatosha. Ukiona vinarudi, chovya mswaki kwenye siki iliyozimuliwa kwa maji, pitisha shinani tu, isidondoke kwenye udongo. Mbolea ya chumvichumvi nayo huviunguza. Ipunguze makali, au tumia mbolea ya maji ya samadi iliyochujwa.

Wenye mibuyu midogo na adenium, lile waridi la jangwani, hamhitaji vigoga hata kidogo. Mashina yale ya akiba huoza kwa unyevu wa juujuu. Wekeni kokoto ndogo. Na mti unaoishi ofisini chini ya kiyoyozi hautashika vigoga, hata ukivinunua kwa nani. Hewa ile ni kavu mno. Hata mti wenyewe ungependa kukaa barazani.

Jingine la kutofautisha: ukiona vipande bapa vya kijani vilivyolala juu ya udongo, vina vikombe vidogo mgongoni, au utelezi mweusi usio na majani, hivyo si vigoga tunavyovisema hapa. Ni dalili kwamba udongo umeshikana na maji hayapiti. Tuletee mti, tuubadilishie udongo.

Tunachofanya kitaluni ni hiki. Tunaotesha vigoga vya mjini kwenye trei, chini ya wavu wa kivuli na pia juani kabisa, ili kila mti upate vinavyolingana na mahali pake. Aliyenunua mti kwetu na vigoga vikamshinda tunampandia upya masika inapoanza, analipia trei tu. Tunapokea pia miti iliyonunuliwa kwingine, ila hiyo tunaikagua mizizi kwanza, na gharama inategemea ukubwa wa chungu.

Ukija, njoo na picha mbili za mahali mti unapokaa: moja ya saa mbili asubuhi, nyingine ya saa saba mchana. Tuambie pia maji yako ni ya bomba, ya kisima au ya mvua. Na kama kuna kigoga kinachoota kwenye ukuta wa nyumba yako, kwangua kipande cha ukubwa wa sarafu, kifunge kwenye karatasi (si kwenye nailoni), uje nacho. Mara nyingi hicho ndicho tutakachokupandia.