Jumamosi: wenye zuio kwenye kibali cha kazi

Habarini wapendwa wa Edmonton, Jumamosi saa 8 mchana tukutane laibrari, chumba kilekile cha chini, ni kwa wale ambao vibali vyao vimeandikwa wasifanye kazi za kulea watoto, kufundisha shule wala za hospitali. Zuio linatoka jamani, unapima afya kwa daktari aliye kwenye orodha ya uhamiaji ya Canada (sio huyu wako wa kawaida!) halafu unaomba onlaini wakubadilishie masharti, ada dola 155.

Mje na:
1. Pasipoti na kibali
2. Karatasi aliyokupa daktari, kama umeshapima
3. Dola 5 ya chai

Na msianze hizo kazi kabla kibali kipya hakijafika, tafadhalini.

Anayekuja aandike "nipo" kabla ya Alhamisi usiku, tujue viti.